Mwendo wa Siku Thelathini na Nane

"Pwani zangu hazina mama wala baba," Mchora Ramani alitamba huku akitandaza kazi yake mezani. "Siigi kwa mtu. Zote zimetoka humu!" Akajigonga paji la uso.

Wachezaji watatu wa mchezo wao wa safari za kubuni wakainama, dadu zikasahauliwa. Miezi yote walimcheka kwamba mabara yake yanafanana na viazi, na leo walikuwa waamue: wabaki naye, au watafute mchoraji mwingine. Lakini hii! Karatasi ilikuwa imezeeka utadhani imefukuliwa kaburini. Mchoraji alikuwa ameilowesha kwenye chai ya rangi, akaunguza kingo kwa kibiriti. Pwani ilijikunja kwa madaha, ghuba pana upande mmoja, na nukta za wino zikafuata safari ya Mwindaji, mhusika anayechezwa na Muuguzi, jirani yao.

"Hapa nilizama," Muuguzi alipitisha kidole, macho yanamng'aa. "Hapa nikaumwa na joka. Na hii 38?"

"Siku thelathini na nane kwa miguu," alijibu Mchora Ramani bila kupepesa macho.

Ukweli ni kwamba namba aliikuta. Karatasi yenyewe aliiokota juzi chini ya cherehani ya dada yake, akadhani taka, akapitisha wino ukingoni. Kiazi kikawa bara.

Mara mlango ukafunguka. Dada mtu akaingia, futi shingoni, macho mekundu.

"Shoga, nisamehe. Gauni lako la kesho sijalikata. Karatasi ya kukatia mgongo imepotea. Nimepekua mpaka ndoo ya unga."

"Mama yangu!" Muuguzi akashika kichwa. "Ndiyo nisimamie harusi ya mdogo wangu mgongo wazi?"

Mchora Ramani akaegemeza viwiko juu ya ramani.

"Mdogo wangu, kweli hukuiona?" dada mtu akamgeukia.

"Mimi? Haki ya Mungu, dada! Mimi na nguo wapi na wapi?"

"Mwacheni," mchezaji mmoja akadakia. "Mtu ana mabara kichwani, mgongo wa mtu ataupeleka wapi?"

Wakacheka. Yeye akaanza kuikunja ramani harakaharaka.

"Ngoja kwanza, dada'ko aone ulivyokua," Muuguzi akamnyang'anya. Akainyanyua juu, bahari na milima vikamtazama dada mtu. Upande wa nyuma ukamtazama Muuguzi mwenyewe.

Kisha akasoma polepole maandishi ya penseli, yaliyopauka kwa chai:

"Mgongo. Gauni la Muuguzi. Kiuno 38. Upo huu tu."

Dada mtu akanyoosha mkono, akagusa ukingo uliounguzwa, majivu yakambaki kidoleni.

"Umeniunguzia bega," alinong'ona.

Muuguzi akageuka, akajibandika bara zima mgongoni, akalisawazisha. Likamkaa sawasawa.

"Haya, mwenye kichwa," akasema bila kugeuka. "Hii ghuba yako, mbona imenikaa kwapani?"