Sufuria ya Serafina

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo wanavyosema. Huku Segese, katika kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana, akufaaye kwa dhiki ndiye anayetozwa faini.

Sheria aliitunga mwenyekiti, Zipora, yaani Mama Ritha. Ukitokea msiba, kila mama aje na ndoo ya maji na mzigo wa kuni, tena akae mpaka mazishi yaishe. Asiyefika, wenzake wanamfuata kwake kesho yake na kubeba kitu: kuku, jembe, chochote kinachouma. Asiyekosa msiba hata mmoja, mwaka ukiisha anavishwa kitenge. Tangu hapo misiba ikajaa watu kama gulio. Kitenge cha kwanza alikipata Zipora. Cha pili pia.

Hicho cha pili ndicho alichojifunga asubuhi ile, alipowaongoza wenzake kwenda kwa Serafina, Mama Vumilia, mama lishe anayewapikia wachimbaji. Jana yake walikuwa wamemzika jirani yao Mariana, na Serafina hakuonekana na ndoo wala ukuni.

Walimkuta anafagia uwanja. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, vigoda vikatolewa, na Asteria, ambaye ulimi wake haujui foleni, akaeleza walichofuata. Serafina hakubisha. Mariana, aliyekuwa akimuuguza, alikata roho alfajiri mikononi mwake, alisema. Alimfumba macho, akamwosha, akawaachia ndugu, akaja kujinyoosha kidogo. Alipozinduka, watu walikuwa wanatoka makaburini.

Wanawake wakatazama chini. Asteria peke yake hakutazama chini.

"Pole, Mama Vumilia. Lakini mwezi uliopita mlikula kuku wangu, na hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na homa. Mchuzi mliusifia."

Kicheko kikapita, kikafa. Asteria alikuwa ameshaona cha kubeba: sufuria kubwa ya ugali wa wachimbaji, tegemeo la nyumba ile. Wote wakamgeukia mwenyekiti.

Zipora alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba Mariana anaumwa. Muda wote Mariana alipolala kitandani, njia ya Zipora ya kwenda sokoni ilipita chini ya dirisha lake. Alikuwa akisikia kikohozi, akikaza mwendo, akijiambia ataingia Jumapili. Mariana huyo huyo ndiye aliyempokea alipokuja Segese hana hata mkeka. Lakini kutomjulia hali mgonjwa hakukuwa na faini, na kumjulia hali hakukuwa na kitenge. Siku ya msiba ndipo alipofika wa kwanza, ndoo kichwani, wenzake wakamsifu, naye sifa akazipokea.

Kitenge kilimbana kiunoni kana kwamba kimelowa. Alitaka jambo liishe upesi, kabla mtu hajauliza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Sheria ilikuwa na mlango mmoja: anayeomba radhi mbele ya kikundi anasamehewa. Anayeambiwa aombe akakataa, anabebewa kitu chake, tena anatengwa. Siku akifa, watoto wake watamzika peke yao. Zipora akamsogelea Serafina, akamwambia kwa sauti ya chini aseme neno moja tu, sufuria ibaki, kila mtu aende zake.

Serafina aliegemeza ufagio ukutani. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria, akaiweka miguuni pa Zipora.

"Humu nilikuwa nachemsha maji ya kumwogesha," alisema. "Dirisha lake lilikuwa wazi, Mama Ritha. Ndala zako alikuwa anazijua. Kila zikipita ananiambia, nyamaza kidogo, huyo Zipora, leo ataingia."

Hata Asteria alianza kukwangua kucha zake. Zipora alihisi macho ya wenzake yakimpanda kutoka kwenye ndala mpaka kwenye kitenge, yakabaki pale. Angeweza kusema lolote. Angeweza kukiri. Midomo ikachukua lililozoeleka.

"Omba radhi tu, mwenzangu. Nakusihi."

"Nimwombe nani? Wa kuombwa mmeshamzika." Serafina aliuokota ufagio wake. "Sufuria hiyo hapo, bebeni. Radhi siombi."