Mama Amiens wa Wema

Ukitaka kuujua mji wa Amiens, ule wa Ufaransa, usijihangaishe na vitabu. Nenda Wema, kijiji cha Wapokomo kando ya mto Tana, umuulize Susan. Tena usimwite Susan, maana akina Susan wako wengi. Sema Mama Amiens, na mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke hadi mlangoni. Mama wa watu aliishia darasa la saba, ndege anaiona ikipita juu tu, na bado atakwambia mto wa Somme unatoka mashariki, unapita katikati ya Amiens polepole kama hautaki kuondoka, kisha unaelekea magharibi hadi baharini. Umbishie uone.

Alifundishwa na mwanawe, Jasper. Kijana alipata ufadhili wa kwenda kusomea mambo ya mito na ardhi hukohuko Amiens, akakaa miaka minne, na kila Jumapili alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Susan alizoea kuusikiliza shambani Jumatatu asubuhi, simu ameitundika kwenye mgomba, na wanawake wa mashamba ya jirani wakiacha majembe waje wasikie. Ndivyo walivyojua kwamba kanisa kuu la mji ule lilianza kujengwa mwaka wa 1220, na kwamba kwa ukubwa wake, lile la Paris linalosifiwa dunia nzima lingeweza kuingia ndani mara mbili. Walijua kulikuwa na wafanyabiashara wa rangi ya buluu, rangi iliyotengenezwa kwa majani, ambao walichangia ujenzi hata wakachongwa ukutani pamoja na gunia lao. Walijua ni kwenye lango la mji huo askari aitwaye Martin alilikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Hapo Dahabo, mama mfugaji wa Kiorma anayeleta maziwa kijijini, aliuliza, "Na kwa nini hakumpa yote?" Mjadala ukala asubuhi nzima, kupalilia kukasahaulika.

Lakini habari iliyowaingia zaidi ilikuwa ya mashamba. "Mama," Jasper alisema kwenye simu siku moja, na sauti yenyewe ilikuwa ya kilio, "huku kuna watu kama sisi kabisa." Akaeleza kwamba pembeni mwa mji, chini ya kivuli cha lile kanisa, kuna wakulima wanaolima katikati ya maji, kwenye vipande vya ardhi vilivyozungukwa na mifereji. Wanafukua tope chini ya maji na kulitandaza juu ya shamba, na hiyo ndiyo mbolea yao tangu enzi za mababu. Mboga wanazibeba kwa mitumbwi yenye pua iliyoinuka, ili ukiegesha usibomoe kingo. Na katika miaka ya sabini ilipotakiwa barabara kubwa ipite juu ya mashamba hayo, watu walikusanyika wakakataa, wakakataa tena, mpaka barabara ikapelekwa kwingine. Susan alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe Wapokomo wako hadi Ulaya!"

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo roho yangu inapochafuka.

Jasper alirudi mwaka jana. Hakurudi Wema, alipata kazi Nairobi, kwenye kampuni moja yenye mradi wa kuhifadhi kingo za mto. Haya, kazi ni kazi. Kisha mwezi huu, mto ukiwa umefurika na kushuka, likaja tangazo la baraza. Yeyote aliyezaliwa kando ya Tana anajua maana ya maji kushuka. Yanaacha tope jeusi, laini, limejaa rutuba, na una siku kumi hivi za kupanda kabla halijakauka na kupasuka. Ukizikosa siku hizo, mwaka mzima utaomba kwa jirani. Siku hizo hata msiba huharakishwa. Na wao wakaita baraza siku ya saba.

Susan alikwenda akitoka shambani, matope hadi magotini, jembe begani. Kipande chake kimoja kilikuwa bado hakijaguswa. Lakini mwanawe ndiye angezungumza, na mama gani atakosa? Alikuwa tayari amemeza uchungu mmoja: Jasper alifika jana yake na gari la kampuni, akalala hotelini mjini Garsen, ati kwa sababu ya mtandao. Sima na kambare wa nazi aliompikia vikaliwa na majirani.

Baraza lilifanyika darasani. Jenereta ilinguruma nje, na ukutani ikatokea picha ya kanisa kuu la Amiens. Wanawake wakapiga makofi. "Ndilo lile!" walisema, mmoja akawaonyesha wazee upande wanakokaa wale watu wa rangi ya buluu. Bosi wa kampuni, mwanamume mwenye fulana nyeupe iliyopigwa pasi, alishangaa asijue wamelijulia wapi. Susan alikaa wima kama bibi harusi.

Ikafuata picha ya pili: maji, vipande vya ardhi kijani kibichi, kabichi zimepangwa safusafu, mtumbwi wenye pua iliyoinuka.

"Tazameni," Jasper alisema. "Hii ndiyo Delta yetu ya kesho. Bustani ya maji. Watalii watakuja kutembezwa kwa boti, vijana watapata ajira. Lakini ili tufike hapo lazima ukingo upumzike. Mita mia mbili kutoka mtoni, hakuna kulima. Kila familia itapewa shamba huko juu, na kampuni itautunza ukingo kwa niaba yenu. Leo tunaomba sahihi zenu tu."

Huko juu! Huko juu ni mchanga na miba, hata mbuzi hupita akiwa na haraka. Gershom, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa ameshapewa kalamu kama heshima ya kuanza.

Susan alidhani amesikia vibaya. Alimtazama mwanawe, akaitazama picha, akamtazama tena. Kisha akasimama.

"Nina swali. Hilo shamba kwenye picha ni la nani?"

"Ni bustani, mama."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni la nani."

Jasper alipangusa uso. "Mama, hii ni mfano tu."

"Si la yule mzee wa vitunguu? Uliniambia mwenyewe. Siku ya baridi ile, ulimsaidia kufukua tope, akakupa vitunguu majani na kabichi, ukalia kwa kukumbuka kwenu. Leo mzee wa watu amegeuka mtalii?"

Darasa likaangua kicheko. Bosi akainama kwa Gershom. "Huyu mama ni nani?"

"Mama yake," Gershom alijibu, akamwonyesha Jasper kwa kidevu.

"Sawa mama, tumekuskia," bosi alisema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtu akupishe mlangoni. "Lakini tusilinganishe. Ule ni mji wa zamani sana. Uko na historia."

Lo! Afadhali angemtukana.

"Na sisi tulianza lini, jana?" Susan alisema. "Kwa sababu hatukuchonga ukutani? Mimi nalima alipolima mama mkwe wangu, naye alipolima mama mkwe wake, na aliyeanza hatumjui. Unanifundisha Amiens? Amiens naijua! Vita vya kwanza vya dunia kanisa lilizungushiwa magunia ya mchanga lisivunjwe. Vita vya pili mji ukateketea na kanisa likabaki limesimama. Na hilo kanisa lenyewe, wenyewe wanasimulia, lilijengwa juu ya shamba la mboga. Wakulima wa mtoni walilitoa. Walilitoa, bwana, kwa hiari yao, kwa sababu lilikuwa lao. Mtu hutoa chake. Sisi mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mnatuonyesha shamba la mkulima wa mtoni ili mkulima wa mtoni atoke shambani!"

"Mama, keti," Jasper alisema chini kwa chini. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kupi? Si umelala hotelini?"

Dahabo naye akainuka, kibuyu cha maziwa mkononi. "Mimi nauliza moja tu. Hii mto mkifunga, ng'ombe yangu itakunywa hiyo picha?"

Hapo hata wazee waliokuwa wakisinzia waliamka. Gershom akaiweka kalamu mezani polepole, kama kitu cha moto. Bosi aliona mambo yanamponyoka, akafungua faili na kuinua karatasi juu ili wote waione.

"Wananchi, msidanganywe na maneno. Familia ya Jasper yenyewe imetangulia. Hii hapa, imetiwa sahihi tangu wiki jana."

Wanawake wote wakageuka kumtazama Susan.

Susan alimgeukia mwanawe. "Sahihi ya nani?"

Jasper hakumwangalia. "Yangu. Shamba liko kwa jina la marehemu baba. Mimi ndiye mrithi. Walitaka mfano, mama, ili watu wasiogope."

"Umelitia sahihi shamba ninalolima mimi?"

"Ndiyo."

"Hujui shamba la mto ni la ukoo? Hujui mjane hulima mpaka afe, na hapana wa kumwondoa?"

"Najua."

Anajua! Heri angekuwa hajui, mtu angesema alisahau, Ulaya ni mbali. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Susan alishika dawati. Aliona aibu kuliko hasira mwanzo. Aibu ya kwamba alimsifu mtoto huyu mbele ya watu hawahawa, Jumatatu baada ya Jumatatu, miaka minne. Kisha hasira ikaja yote kwa pamoja, ikamkausha machozi kabla hayajatoka.

"Wale watu wa Amiens," alisema, "siku zile walipokuwa wakiikataa barabara, angetokea kijana wao, waliyemlisha wenyewe, akawaletea karatasi kama hii, wangemwita nani?"

Jasper alizipanga upya karatasi za sahihi mezani.

Susan alilichukua jembe lake, akapita katikati ya madawati, akalilaza mezani juu ya zile karatasi, tope na yote. "Basi kama sahihi imechukua shamba, sahihi ije ilime. Leo ni siku ya saba. Bado siku tatu." Akatoka mikono mitupu. Dahabo alimfuata, wakafuata wanawake wa mashamba ya jirani, na nyuma yao Gershom, ambaye alisema tu kwamba mahindi yake hayatajipanda.

Mtoni kila mtu aliinama kwenye kipande chake. Susan hakuinama. Alikaa ukingoni, mbegu ndani ya leso iliyofungwa fundo, akilitazama tope. Majirani walimwomba wamsaidie kupanda, akakataa. Alisema shamba lina mwenyewe, aliyelitia sahihi. Jua lilipanda. Kwenye sehemu iliyoinuka, tope lilikuwa limeanza kubadilika rangi, na kila alipoiona sehemu ile moyo ulimkata, kwa sababu mikono yake ilijua la kufanya naye ameizuia. Usione ni jambo dogo, mkulima kukaa mbele ya tope bichi bila kupanda. Ni sawa na mama kukaa na mtoto anayelia njaa.

Saa sita kasoro Jasper alishuka, jembe mkononi, viatu vimezama. Alisimama hatua chache kutoka kwa mama yake.

"Nimewaomba wanirudishie ile karatasi," alisema. "Wamekataa. Bosi anasema nikiendelea kuidai nitafukuzwa kazi."

"Mimi nimefukuzwa shambani leo asubuhi," Susan alisema, "na bado nimeketi hapa."

"Mama, nilidhani nikiwa ndani nitaweza kuwasaidia. Nilidhani tukitangulia sisi tutapewa shamba zuri zaidi."

"Sisi tutapewa zuri zaidi. Na wenzetu?"

Jasper alilitazama tope, na usoni pake, kwa mara ya kwanza tangu jana, Susan aliiona sura ya mtoto wake, yule aliyelia kwenye simu kwa sababu ya tope la watu wengine. Ilimuuma. Alitamani kumwambia akae, ale kitu. Hakumwambia.

"Jina lako kwenye hiyo karatasi hawakuliandika wao," alisema. "Uliliandika wewe, kwa mkono wako. Rudi ukalifute kwa mkono huohuo. Wakikataa, waambie mbele ya kijiji kizima kwamba hukuwa na haki ya kulitoa shamba, kwamba si lako. Sema hivyo mbele ya wote. Hilo hawawezi kulitia kwenye faili."

Juu kule, watu wa kampuni walikuwa wanafunga waya za jenereta na gari limeshageuzwa. Jasper akavua viatu, akavibeba mkono mmoja, akaanza kupanda ukingo mbiombio, jembe bado liko kwenye mkono wa pili.

"Jasper!" Susan aliita.

Akageuka.

"Jembe liache hapa. Hilo ni langu, usije ukalitia sahihi nalo."