Risasi Ishirini za Delmar

Nikutegee kimoja kabla hujamaliza kahawa hiyo. Anakaa kwenye nyumba ya shaba, kichwa kimetoka mlangoni. Akizama mno ndani, anapotea njia. Akichungulia mno nje, jirani anamng'ata kichwa na hamwachii. Nani huyo?

Umeshindwa, nipe mji. Hata huu wetu wenye duka moja unatosha.

Ni risasi. Hapa kwetu Montana wawindaji wengi hutengeneza risasi zao wenyewe gerejini. Unachukua ganda la shaba, unatia baruti, halafu unaketisha kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Kazi iko hapo kwenye kuketisha. Ndani ya mtutu kuna meno ya chuma yanayokizungusha kichwa kinapotoka. Kikae karibu na meno hayo, ila kisiyaguse. Marehemu mume wangu Verlin alikuwa akiacha nafasi ya unene wa karatasi tano. Alikuwa anakipaka kichwa moshi wa mshumaa, anaingiza risasi kwenye bunduki, anaitoa, anaangalia kama meno yamekwangua ule weusi. Yakikwangua, anazamisha kidogo tena. Nilimshikia mshumaa miaka arobaini. Nilijifunza bila kuambiwa.

Verlin alituma maombi ya kibali cha kondoo dume wa mwituni kwa miaka thelathini na minne. Kibali hicho hutolewa kwa bahati nasibu, na wengi huzikwa hawajakipata. Yeye alikipata mwaka ambao mapafu yalikuwa yanamwishia, na mikono ilitetemeka hata ganda lilimponyoka. Mdogo wake, Delmar, naye alikuwa akiomba kila mwaka na kila mwaka anakosa. Akaja, akamshika bega.

"Kaka, risasi niachie mimi. Wewe tunza pumzi."

Alileta ishirini. Verlin alipiga tatu kwenye shabaha, matundu yakagusana. Aliibandika ile karatasi kwenye friji, kila akichukua maziwa anaitazama.

Tukapanda kwenye makorongo ya Mto Missouri, mimi nimebeba darubini. Tulimwona kondoo, pembe zimejikunja duara zima, ng'ambo ya fensi ya senyenge. Verlin akaingiza risasi, tukanyatia mpaka kwenye waya. Sasa baba yao, yeye na Delmar, aliwalea hivi: huvuki fensi na risasi imo. Verlin alikuwa na miaka sabini na moja na hakuwahi kuvuka hivyo hata mara moja. Akavuta komeo la bunduki ili aitoe.

Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilibaki mtutuni, kimeng'atwa na meno, na baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki kama mbegu za haradali. Fimbo ya kukisukumia nje iliachwa kwenye pikapu, mwendo wa saa tatu. Kondoo alikuwa hatua themanini. Verlin aliketi juu ya jiwe akamtazama, mpaka kondoo mwenyewe alipochoka kutazamwa.

Theluji ilianguka usiku huo, na kifua hakikumruhusu tena kupanda. Februari tukamzika.

Kwenye chakula cha msiba, katika ukumbi wa chini ya kanisa, Delmar aliwachekesha watu. "Maskini kaka, aliidondosha risasi mwambani, kichwa kikalegea. Akamwaga baruti kama bibi anayemwagia kuku mtama." Wakacheka, midomo imejaa viazi. Mimi nilikuwa na sahani ya jeli ya kijani mkononi, nikaona jinsi itakavyomkaa kichwani. Niliiweka mezani polepole.

Verlin hakudondosha risasi. Nilikuwa pembeni yake.

Nyumbani nilikipaka mshumaa kila kichwa cha zile kumi na sita zilizobaki, nikaviingiza kwenye bunduki yake taratibu. Kumi na vinne vilirudi na mikwaruzo, na viwili havikurudi kabisa, vikabaki mtutuni. Lakini mashine ikikazwa vibaya, huharibu zote sawasawa. Inaweza kuwa kosa la mkono. Inaweza isiwe. Hicho ndicho kilichonila, kutojua kama namchukia mzembe au mwizi wa bahati ya kaka yake.

Nilimuuliza mezani kwangu, ana kwa ana. "Delmar, ulijua zinagusa meno?"

"Kahawa ya leo nzito, shemeji," akasema. "Mvua nayo inachelewa."

Niliuliza tena Pasaka. Akaniuliza kama ng'ombe wamezaa. Miaka minne hivyo. Nilimkaribisha kila Jumapili, nikamwokea chapati za viazi, nikazipaka siagi na sukari, na kila niliposukuma unga niliona uso wake ubaoni.

Mwaka wa tano akaja na bahasha. Amepata kibali. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hawezi kusoma kipimo.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye mkono wa Verlin siku hizi. Nitengenezee."

"Lete bunduki," nikamwambia, na niliona raha mwili mzima.

Nilitengeneza makopo mawili. La kwanza lilikuwa na risasi tano za shabaha, nafasi ya karatasi tano, safi kama alivyofanya Verlin. Alipiga akafurahi, akanibusu shavu. La pili lilikuwa na risasi ishirini za kuwindia. Hizo nilizitokeza mpaka zikaingia ndani ya meno. Baruti nilipunguza, maana sikutaka imlipukie usoni. Nilitaka afike pale alipofika kaka yake, mzima wa afya, na macho yake mabovu yaone vizuri.

"Na mimi nakuja," nikamwambia. "Nibebe darubini."

"Umri huo, shemeji? Nitakubeba wewe au kondoo?"

"Kondoo kwanza. Mimi nitateremka kwa matako."

Siku ya tatu tukamwona, pembe nzito, ng'ambo ya fensi. Delmar akaingiza risasi. Komeo likakaza. Niliona mkono wake umesimama, kisha akalisukuma kwa kiganja. Tukanyatia. Kwenye waya nikasimama.

"Toa risasi, Delmar. Fensi hii."

"Nitavuka hivi hivi. Nitaweka bunduki chini ya waya."

"Baba yenu angekuchapa."

"Baba alikufa zamani."

"Toa risasi. Nzuri hutoka kama ilivyoingia. Unaogopa nini?"

Hakugusa komeo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile maji ya chupa yalikuwa yameganda. Kondoo aliinua kichwa, akatugeukia ubavu mzima.

Delmar aliniangalia. "Arlys," akasema. Miaka yote hajawahi kuniita kwa jina. "Umezifanya kama zile?"

"Zile zipi, shemeji?"

Akaketi chini.

"Ulisema kaka yako aliidondosha mwambani. Zile zipi ambazo zangu zingefanana nazo?"

Kondoo alipiga hatua mbili, akaingia nyuma ya msonobari mmoja uliopinda, akatoka upande wa pili akipanda. Delmar hakumtazama. Alikuwa ameketi kwenye nyasi kavu, bunduki mapajani, vidole vimeshika komeo bila kulivuta. Nilidhani moyo wangu ungeruka kwa furaha. Ulikuwa unapiga tu, kwa nguvu, kama wakati wa kupanda.

"Nakuuliza mara ya mwisho," nikasema. "Ulijua?"

Upepo ulitikisa waya. Sikumharakisha. Nilikuwa nimesubiri miaka mitano, na nilikuwa na chakula cha siku nzima mfukoni.

"Nilijua," akasema. "Nilizipima mara mbili."