Walii wa Aziza

Kila alfajiri Mzee Bakari wa mtaa wa Alunguli alitawadha uani, na kila alfajiri vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kuume vilimchoma jicho alipoosha uso. Vilikuwa vimepinda kuelekea kiganjani, vikagoma kunyooka. Zahanatini, Nesi Florentin alivipapasa mara moja tu.

"Papa Bakari, iko mukono ingine mule ndani. Ya mutoto."

Akampa vidonge vya maumivu, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Bakari hakuuliza ni mkono wa nani. Wakati wa vita, kwenye foleni ya kuvuka mto, wenye bunduki walimvuta mwanawe Yusufu, mtoto wa miaka kumi na miwili, akawabebee risasi msituni. Baba alimng'ang'ania mpaka vikabaki vidole viwili vile, navyo vikateleza. Yusufu hakuonekana tena. Aliyewaonyesha mtoto ni Rajabu, mwana wa baba mdogo wa Bakari, ambaye leo ndiye mkubwa wa mtaa. Watu wote wanajua, na wote humwamkia: mkono usioweza kuukata, ubusu.

Sasa Aziza, binti wa mwisho, alikuwa anaolewa na Mbaraka, fundi wa pikipiki. Kwenye nikahi, baba ndiye walii. Hushikana mkono na bwana harusi, kiganja kwa kiganja, ndipo amtoe binti. Shehe alikitazama kiganja cha Bakari, akakohoa.

"Umuachie Rajabu ashike kwa nafasi yako. Yeye njo ndugu yako wa karibu."

Bakari alichomwa moyo. Mtoto mmoja alikwenda kwa mkono wa Rajabu, na sasa wa pili aende kwa mkono uleule.

"Baba," Aziza alisema kutoka mlangoni, "kama Rajabu njo atashika, mimi siolewe."

"Utaolewa," alijibu Bakari. "Na mukono yangu."

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, waliketi mkekani, Rajabu mstari wa mbele na kanzu yake ya pasi. Bakari akanyoosha ngumi. Mbaraka akapenyeza vidole palipokuwa na nafasi, na mkono mdogo, umelowa maji ya mto, ukatoka katikati ukamshika barabara.

"Jambo, shemeji," alisema Mbaraka.

Shehe alisubiri wamalize kuamkiana, kisha akaendelea. Ndoa ikafungwa.

Pilau ikaliwa. Rajabu alizunguka akiwapa watu mkono. Alipofika kwa Bakari aliutia wake mfukoni, akasema hongera, akaomba nyama nyingine. Akapewa, maana mkubwa wa mtaa hanyimwi.

Aziza alipokuja kuaga, alipaka hina iliyobaki kwenye kucha tano ndogo.

"Kaka naye iko wa harusi," alisema.

Bakari akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakujificha.

Kesho yake kidole cha kati nacho kilianza kupinda. Nesi Florentin alimwambia kuwa ng'ambo ya mto kuna daktari anayepasua kiganja na kuvinyoosha vyote. Bakari alimshukuru, akarudi nyumbani akiukunja mkono taratibu, asimbane mtoto.