Kisiwa Mbele ya Nyumba ya Abeid

Katikati ya Mto Ruvu, mbele ya kijiji, palikuwa na kisiwa cha mchanga na matete. Hakikukaliwa na mtu, ni viboko na ndege tu. Mwanamvua alipohamishiwa kijijini hapo pamoja na wenzake wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu, kisiwa kilikuwa kirefu. Mto ulipofurika, chenyewe ndicho kilichopokea kishindo, ukingo wa kijiji ukapona. Lakini kila masika dhoruba zilikimega, mwisho kikabaki kama muhogo uliotafunwa na panya.

Na hapo hapo ukingoni ndipo mwanawe Abeid alipotaka kujenga. Mwanamvua alisema mpaka mate yakamkauka. Alimkumbusha kwamba mkewe, Mwanakheri, ni mjamzito. Abeid akajibu kuwa kiwanja amepewa na kijiji, na kisiwa kipo, kinakinga.

"Kinakinga nini, mwanangu? Chenyewe kinaliwa."

"Mama, unaogopa maji kama paka."

Maneno yalipomwishia, Mwanamvua alimwita Mashaka, mtani wa ukoo wao. Asubuhi Abeid akamkuta amelala chali ndani ya msingi, kajifunika shuka jeupe, anadai maziko. Mtani hafukuzwi wala hakasirikiwi. Watu wakajaa.

"Nifukie kabisa, mtani," Mashaka alisema. "Masika utakuja kulala na mimi humu humu, utapata wapi nafasi ya kuchimba tena?"

Abeid alicheka kuliko wote. Akamkomboa kwa jogoo, kama ada inavyotaka, na mchana ule ule tofali zikaanza kupangwa. Mwanamvua aliuma kidole. Utani uliowatia adabu wazee wazima, kwa mwanawe umeishia kuwa kitoweo cha Mashaka.

Masika yakaja na upepo wake, wamekwisha hamia na Mwanakheri amejifungua. Kulipokucha baada ya mvua kubwa, kisiwa hakipo, hata tete moja.

"Nyumba si hii imesimama, mama?" Abeid alisema.

Mwanamvua aliiona. Aliona pia maji yakilamba pale Mwanakheri alipoanikia mpunga juzi. Aliingia ndani, akamchukua mjukuu mchanga, akamfunga mgongoni kwa kanga. Mwanakheri alimtazama mumewe, kisha akabeba sufuria, akamfuata mkwewe.

Walipofika mlimani, nyuma ya kijiji, walisikia nyundo kule ukingoni. Abeid alikuwa anakaza mlango.