Wifi Alitaka Kulala

Kwenye duka la miwani alikofanya kazi, wenzake walimwita Bi Rula. Jina lilimkaa. Kutwa alishinda akipima mboni za watu, na akitoka kazini aliendelea kupima kila kitu kingine: maji ya chai, muda wa kuoga, hatua za kutoka mlangoni hadi kituo cha basi.

Kwa hiyo alipopanga kwenda na wifi yake, mke wa kaka yake, kutembelea mji mdogo wa kale ulio katikati ya mashamba ya mizabibu, hakuna aliyeshangaa kuona ratiba ya kurasa tatu. Jumamosi saa mbili na nusu, kanisa la zamani. Saa nne kasorobo, makumbusho. Saa tano, ghala la mvinyo la chini ya ardhi, lenye mapipa ya kuingia mtu mzima. Hata kupumzika kulipangiwa nafasi: dakika ishirini.

Wifi alikuwa mkunga. Safari ya kwanza iliahirishwa kwa sababu kuna mama alijifungua mapacha kabla ya siku zake. Ya pili, Ijumaa jioni wifi akapiga simu: mwenzake anaumwa, zamu imemwangukia. Bi Rula akampigia mwenye nyumba ya wageni kumwomba radhi tena, akatoa nguo kwenye begi.

Wiki iliyofuata kaka yake alikuja dukani kukaziwa skrubu ya miwani.

"Jumamosi nimepika mwenyewe," kaka alijisifu. "Wifi yako kalala mpaka saa nane mchana, sijapata kuona."

"Jumamosi ipi?"

"Si ile mliyoghairi... Aa, mimi simo."

"Umeshaingia, kaka."

Bi Rula aliikaza ile skrubu mpaka mkono wa miwani ukagoma kukunjika.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alikwenda hospitali. Alimkuta wifi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amevua viatu, miguu juu ya katoni ya glavu.

"Wifi, umenidanganya."

Mkunga hakukana. "Nimekudanganya. Nilifika ukurasa wa pili wa ratiba yako nikaishiwa nguvu."

"Si ungesema?"

"Ningesemaje, na wewe umechora mpaka ramani? Wifi, mimi hata nikiwa chooni nagongewa mlango. Nataka mahali nilale mpaka nichoke kulala, na asiwepo wa kuniita sista. Basi. Huo mvinyo wenyewe sinywi."

"Hata mimi sinywi."

"Sasa huko tunafuata nini?"

Bi Rula alibaki amesimama, mkoba kifuani. "Kaka alipokuoa nilifurahi, nikasema nimepata dada. Mwaka wa kumi na moja huu, tunaonana kwenye harusi na misiba, tena jikoni, tunaosha sufuria za watu. Nilitaka tukae wawili. Nikaona nisipokujazia mambo ya kufanya, utachoka nami mapema."

Mkunga akashusha miguu na kuisogeza katoni. "Keti basi."

Walipanga upya hapo hapo, nyuma ya karatasi ya kuandikia joto la wagonjwa. Mkunga ndiye aliyeshika kalamu. Aliandika siku ya kwenda na siku ya kurudi, akafunika kalamu.

"Na chakula?" Bi Rula aliuliza.

"Njaa ikiuma tutakula."

Walikwenda mwisho wa mwezi. Jumamosi mkunga alilala, na Bi Rula akazunguka mji peke yake. Makumbusho aliyamaliza upesi. Akapotea kwenye vichochoro vya mawe, akaketi kwenye ngazi za nyumba asiyoijua, akatazama mwanamke akianika mashuka mpaka yakaisha. Aliporudi, saa kumi ilikuwa imepita. Wifi alikuwa ameketi kitandani, alama za mto shavuni.

"Nimekosa nini?"

"Kanisa."

"Likoje?"

"Zuri. Lina baridi."

"Haya, nimeshaliona."

Bi Rula alicheka mpaka akashika ukuta.

Jua lilipopoa walitoka, wakafuata barabara ya vumbi kati ya mizabibu. Mkunga alisimulia habari za bosi wake mpya, Bi Rula za mteja aliyetafuta miwani yake dukani kote na huku ameivaa kichwani. Waliposhtuka, walikuwa wamefika mbali, na saa ya kufungwa duka la mkate la mjini imeshapita.

Simu ya mkunga ikaita. Alikuwa mumewe.

"Anatafuta chupa ya chai," mkunga alisema bila kupokea.

"Iko wapi?"

"Mezani, mbele yake."

Wakaiacha ikaita mpaka ikakata, wakaendelea kutembea.