Gasketi Iliyorudishwa

Gereji nzima walimwita Kidole, kwa sababu alitengeneza magari kwa kidole kimoja juu ya laptopu huku wenzake wakijipaka oili mpaka viwikoni. Fundi rangi ndiye aliyembandika jina hilo, na kila asubuhi alimuuliza kama amenawa, asije akaichafua injini. Kidole hakukasirika. Aliyekuwa akimtetea ni fundi injini, ambaye sasa ni marehemu, waliyefanya naye kazi bega kwa bega tangu hawajaota ndevu. Yule alifunga injini, Kidole akaipanga kompyuta ya gari ipime petroli na hewa. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Sasa gari lililokuwa mbele yake lilikuwa la marehemu mwenyewe. Injini hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoifunga, akiwa tayari mgonjwa, anakaza boliti mbili tatu kisha anapumzika kwenye kiti cha plastiki. Mjane wake alitaka gari lipangwe vizuri, binti yao alitumie kwenda kazini. Lakini halikuwa hilo tu. Nyumbani walimsihi sana mumewe aache kazi, kwamba mikono inatetemeka, naye akakataa katakata.

"Nataka kujua tu, shemeji," mjane alimwambia Kidole. "Ile kazi aliiweza, au hakuiweza?"

Kidole akaahidi kumpa jibu.

Alianza kwa kulivua bomba la ekzosi na kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea, alitoboe mahali pa kufunga sensa yake, ile inayonusa moshi na kumwambia kama petroli ni nyingi au chache. Akalirudisha bomba, akakaza, akawasha. Injini ikaitika mara moja. Namba kwenye laptopu zikasema petroli ni chache, hewa imezidi.

Hilo halikumtisha. Aliongeza petroli kwenye kompyuta. Namba zikasogea kidogo, zikagoma. Akaongeza tena. Alipima pampu, presha ilikuwa nzuri. Alibadilisha chujio, wapi. Injini ikinguruma taratibu ndipo namba zilipokuwa mbaya zaidi. Akikanyaga mafuta, zinapata nafuu. Harufu ya petroli ilijaa bandani mpaka fundi rangi akakohoa na kuuliza kama gari linatengenezwa au linaoshwa. Macho yalimwasha Kidole. Hata hivyo aliiamini laptopu, akaidharau pua yake.

Zikabaki nozeli za kunyunyizia petroli. Hizo alizifunga marehemu.

Mjane alikuja mchana, ameongozana na kaka wa marehemu, aliyekuwa wa kwanza kusema mgonjwa apokonywe spana. Mafundi wote walikuwepo. Kidole alifunga laptopu, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

"Nisikufiche, shemeji. Mikono ilikuwa imeshachoka. Nozeli hazikukaa sawasawa. Inabidi injini ifunguliwe."

Kaka mtu alitikisa kichwa kama aliyekuwa akilisubiri neno hilo siku zote, akasema yeye si alishasema. Mjane alifuta vumbi kwenye boneti kwa kiganja, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua injini, Kidole alichomoa plagi za kuwashia injini. Zilikuwa nyeusi tititi, zinanuka petroli. Alizitazama moja moja. Injini yenye petroli chache haiachi plagi namna ile. Hii ilikuwa inazamishwa, na aliyeizamisha ni yeye.

Alirudisha plagi, akawasha injini ingali ya baridi, akanyunyizia maji ya sabuni pale ekzosi inapoungana na injini. Povu likachemka upande mmoja. Pale palikuwa panavuja. Moshi ulitoka, na hewa ya nje ikanyonywa ndani ya bomba, ikafika kwenye sensa. Nayo sensa ikanusa hewa ambayo haikupita kabisa kwenye injini, ikapiga kelele kwamba petroli haitoshi.

Alilivua bomba. Ndani ilikuwepo gasketi ya zamani, ile pete nyembamba ya kuziba maungio, imesinyaa, ina ufa wenye masizi. Mpya ilikuwa kwenye droo, hatua chache kutoka hapo. Alikumbuka vizuri alivyoishika ile ya zamani, akaigeuza, akajisemea itakaa.

Marehemu hakuwahi kurudisha gasketi. Akiivua tu, anaivunja papo hapo hata kama inaonekana nzima, mtu asije akashawishika. Kidole alikuwa akimcheka kwa hilo.

Alifunga mpya, akaondoa petroli yote aliyoiongeza. Injini ikatulia, ikanguruma kwa sauti laini, moja, isiyo na kikwazo. Nozeli hazikuwa na tatizo lolote. Akasimama hapo, na wazo likamjia: aseme amezirekebisha nozeli. Nani atajua? Tena angeshukuriwa. Wazo lenyewe lilimfanya aone haya hata kuliangalia gari.

Alimkuta mjane nyumbani, anakunja ovaroli za marehemu kuziweka kwenye gunia. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama mlangoni, gasketi mkononi, macho kwenye sakafu. Mjane aliendelea kukunja mpaka ovaroli ikaisha.

"Yale ya jana uliyasemea wapi, shemeji?"

"Gereji."

"Basi na haya kayaseme palepale. Hakuaibishwa hapa sebuleni kwangu."

Mchana wakarudi gereji wote wawili, na kaka mtu akaitwa. Fundi rangi alizima kompresa yake bila kuambiwa. Kidole alitaka kueleza habari za sensa na hewa ya nje, akaacha. Alisema tu kwamba marehemu kazi aliiweza, na aliyekosea ni yeye, alirudisha gasketi ya zamani. Kaka mtu alitazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka, na Kidole alitamani mtu acheke.

Mjane alimwonyesha gasketi kwa kidevu.

"Ivunje. Kama alivyokuwa akifanya mwenzako."

Kidole aliishika kwa mikono miwili, akaikunja. Haikuvunjika. Akajaribu tena, watu wote wakimtazama, na safari hii mikono iliyokuwa ikitetemeka ilikuwa yake.